Sauti Niliyoinunua

Syokimau,
12 Januari 2025

Shangazi Kamanthe,

Mwaka umeanza na sisi huku tuko wazima. Lavender anakusalimu. Amepewa darasa la kwanza, watoto hamsini na wawili, na kila jioni anarudi nyumbani bila sauti. Krismasi nilipita Mitaboni nikamwona Baba. Mgongo bado unamsumbua, lakini haumzuii kubishana na kila mtu. Aliniambia nikuulize kwa nini dada yake anakataa kuhamia kwake, alafu akajijibu mwenyewe kwamba wewe hujawahi kukubali kitu chochote tangu mkiwa wadogo.

Najua simu haikusaidii tena tangu masikio yafunge, na hizo herufi za SMS unasema ni mchwa. Kwa hivyo nimekubali amri yako: barua, kwa kalamu, kwa Kiswahili.

Sasa habari yenyewe. Nimenunua gari. Ni Subaru Impreza ya bluu, gari ya mbio kabisa, na juu ya boneti iko na tundu la kuvuta hewa. Hapa Syokimau kuna fundi anaitwa Wachira ambaye hashiki spana hata moja. Anafungua laptopu, anachomeka waya chini ya usukani na kuongea na kompyuta inayoiamuru injini. Anasema programu ya kiwandani inaibana gari, inaizuia isitoe nguvu zake zote. Wachira ameitoa hiyo programu, ameweka nyingine aliyoitengeneza mwenyewe. Sasa nikikanyaga mafuta, shingo inarudi nyuma. Na nikiachilia mguu ghafla, eksozi, lile bomba la moshi, inapasua: pa! pa-pa! Kama bunduki. Hiyo sauti nilimwomba aniwekee makusudi.

Shangazi, mimi ni mtu wa kusimamia mashine kiwandani Athi River. Naingia na kofia ya plastiki, natoka na vumbi, na sijawahi kuona mtu akigeuka kunitazama. Sasa wanageuka wote.

Jumamosi tarehe 8 Februari nakuja Mwala nikuzungushe. Hutaisikia, lakini utaona nyuso za watu.

Mimi mwana wa ndugu yako,
Maundu


Mwala,
24 Januari 2025

Mwanangu Maundu,

Barua yako nimeipata Jumatano kwa mkono wa katibu wa kanisa. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa baada ya miaka yote hiyo bado unaandika "alafu". Ni "halafu". Mwambie Lavender anywe maji ya tangawizi na awafundishe wale watoto kunyoosha mkono kabla ya kusema.

Huku mvua ilitupita. Mbaazi zimekauka kabla hazijajaza. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja pacha, na maziwa hayawatoshi. Maji tunachimba mchangani kwenye bwawa, na ya kwangu huletwa na Mwikali.

Huyu hujamfahamu vizuri, maana aliolewa hapa ulipokuwa chuoni. Mumewe alifariki, na sasa anaendesha mkokoteni wa punda wa shemeji yake Kimanzi, akiuza maji. Kwangu mimi yeye ni zaidi ya maji. Jumapili hukaa kando yangu kanisani na daftari, akiniandikia mahubiri mstari kwa mstari. Akichoka ananichorea uso wa mchungaji amefura, tunacheka mpaka tunatazamwa vibaya. Kliniki hunipeleka yeye. Pikipiki ikija nyuma yangu ni yeye anayenivuta mkono. Nimeishi miaka sitini na minane na sijapata rafiki kama huyu, na ana umri wako.

Kuhusu gari, hongera. Sitaki kuwa mtu wa kuharibu furaha. Ila nina swali la mwalimu. Hiyo sauti ya bunduki inafanya kazi gani? Inapunguza mafuta? Inasaidia breki? Nimesoma mara mbili na sijaona kazi yake.

Njoo. Nitapika muthokoi wa mahindi ya kukoboa na nitachinja jogoo mweupe anayenichokoza.

Ni mimi shangazi yako,
Kamanthe


Syokimau,
16 Februari 2025

Shangazi,

Natumaini uko salama. Sisi ni wazima, Lavender pia, na Baba anaendelea vizuri.

Nisamehe sana kwa Jumamosi ile. Asubuhi nikiwa tayari kutoka, kiwandani walipiga simu. Mashine moja ilikuwa imekwama na hakuna mwingine anayeijua. Nilishinda huko mpaka jioni. Najua ulipika. Pole kwa jogoo.

Nimekutumia kilo kumi za sukari na blanketi. Hizi wiki kazi ni nyingi, sijui nitapata nafasi lini.

Maundu


Mwala,
2 Machi 2025

Mwanangu Maundu,

Nakusalimu. Sukari na blanketi vimefika. Mbuzi mmoja mchanga amekufa, yule mwingine anaendelea. Jogoo tulimla, wala usisikitike kwa ajili yake.

Kuna jambo lililotupata huku. Kwa kuwa ulikuwa kazini siku hiyo, wacha nikueleze.

Jumamosi tarehe 8, karibu saa tano, Mwikali alikuwa akitoka bwawani na mitungi kumi na miwili. Kwenye mteremko kabla ya njia ya kuja kwangu, punda walishtuka wakauvuta mkokoteni hadi mtaroni. Mwikali alitupwa, na mkokoteni ukamwangukia juu ya paja. Mfupa ulivunjika mara mbili. Punda mmoja alivunjika mguu, ikabidi auawe pale pale. Mwikali alilazwa hospitalini wiki mbili na vyuma vimeingizwa pajani.

Anasema kulikuwa na gari la bluu. Anasema lilipiga mlio kama risasi kando yake, na kwamba lilisimama, likageuka, likaondoka. Hakuna mwingine aliyeliona. Kimanzi anasema hayo ni maneno ya kujitetea. Anasema shemeji yake alilala juu ya mitungi, punda wakaenda walivyotaka. Watu wamemwamini Kimanzi, kwa sababu Mwikali huamka saa kumi alfajiri na kila mtu amewahi kumwona akisinzia.

Chifu alikuja kwangu kuuliza, kwa kuwa ni mimi niliyemfikia Mwikali wa kwanza. Aliniandikia kwenye karatasi: "Ulisikia nini?" Nilimjibu kwamba mimi ni kiziwi, sikusikia kitu. Akaandika hivyo, akaondoka.

Ulisema kiwandani walikupigia simu saa ngapi?

Kamanthe


Syokimau,
20 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya Pasaka. Samahani kwa kukawia, barua yako ilikaa posta na mimi nilikuwa zamu ya usiku. Mvua imeanza huku, natumaini na huko imefika. Lavender alikuwa na malaria lakini amepona. Baba amenunua redio mpya, sasa anabishana nayo.

Pole kwa huyo mama. Inasikitisha. Barabara zetu ni mbaya na punda nao hawaaminiki.

Nimekutumia sukari tena, na kilo tano nampelekea yeye kupitia kwako. Si lazima umwambie imetoka kwa nani.

Gari sasa imetulia. Nilimrudia Wachira akaondoa ile programu yake na kurudisha ya kiwandani. Ilikuwa inakula mafuta sana. Hailii tena, ukiiona utadhani ni gari ya padri.

Maundu


Mwala,
11 Mei 2025

Maundu,

Sukari nimeirudisha kwa aliyeileta. Usitume tena.

Mvua imekuja, tumepanda. Mwikali anatembea kwa magongo. Kimanzi amempa mtu mwingine mkokoteni. Watoto wa Mwikali wanaambiwa shuleni kwamba mama yao aliua punda kwa usingizi. Yule mdogo alipigana, akarudi na jino mkononi.

Kila Jumapili Mwikali anatembea kilomita mbili kwa magongo hayo kuja kukaa kando yangu na kuniandikia mahubiri. Ni majuma matatu sasa sijasoma anachoandika. Natazama tu mkono wake ukienda.

Hukunijibu swali langu.

Kamanthe


Syokimau,
29 Juni 2025

Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne. Salamu ziko, sote tuko hai, wacha nisizungushe.

Sikuitwa kazini. Nilikuja.

Lavender ndiye aliyenikamata. Barua yako ya Mei niliiacha mezani. Aliisoma, akaenda kwenye kabati akaitoa na ile ya Machi, akazisoma zote mbili akiwa amesimama. Kisha akaniuliza, "Jumamosi ya tarehe nane si ulienda Mwala? Si uliniambia Shangazi alikupikia jogoo?" Nilikuwa nimekudanganya wewe kwamba sikuja, na nimemdanganya yeye kwamba nilifika. Sikufikiri kwamba uongo huo wa pande mbili ungekutana kwenye meza yangu.

Nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alikuwa anapumua ulipomwacha?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani. Mpaka leo ananipa chakula, ananiambia maji yamepotea au stima imerudi, basi. Hiyo ndiyo nyumba yangu sasa.

Nitakueleza ilivyokuwa, sitapunguza.

Barabara ilikuwa tupu. Kilomita nyingi sikuwa nimekutana na mtu, na hiyo iliniudhi, kwa sababu niliosha gari asubuhi na nilitaka ionekane. Kwenye mteremko nikaona mkokoteni mbele na mwanamke ameketi juu ya mitungi. Alisikia injini akageuka. Aliinua mkono kunisalimu, Shangazi. Mtu asiyenijua. Ningeinua wangu nimpite polepole. Badala yake nikakanyaga mafuta mpaka chini na kuachilia, kwa makusudi, nikiwa kando yake kabisa. Nilitaka ashtuke kidogo. Nilitaka mtu mmoja tu anitazame.

Ilipasua mara tatu. Punda wa kushoto aliruka kama ameguswa na moto. Kwenye kioo niliona magurudumu yakiwa juu.

Nilisimama. Nikafungua mlango, nikaweka mguu mmoja chini. Alikuwa anajaribu kuketi na mguu wake ulikuwa umeangalia upande usiofaa. Hapo nikaona mtu anakuja kutoka chini, kitambaa cha kijani kichwani. Nilikutambua kwa mwendo wako, kabla sijaiona sura.

Haya ndiyo maneno ambayo sijamwambia hata Lavender. Nilipokuona niliwaza: huyu hasikii. Na nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwamba wewe ni kiziwi. Wewe uliyenifundisha kusoma, uliyenilea mihula miwili Mama alipokuwa hospitalini. Nikajiambia labda hukuinua macho, nikafunga mlango, nikageuza gari, nikampita tena yule mama akiwa chini. Kwa ajili ya kukimbia ilibidi nimpite mara ya pili. Mara hiyo nilienda taratibu, gari isilie.

Na ile programu sikuiondoa kwa sababu ya mafuta. Jumatatu yake nilikuwa kwa Wachira kabla hajafungua. Alishangaa.

"Wiki iliyopita ulikuwa unaipenda hiyo sauti kuliko mke," akasema.

"Nimechoka nayo. Rudisha ya kiwandani."

"Kuna mtu amekusumbua? Trafiki?"

"Rudisha tu. Mtu akija kuikagua, ataona kama iliwahi kubadilishwa?"

Akachomeka waya wake, dakika ishirini akawa amemaliza, na hakutaka kunishika mkono wakati wa kuagana. Nilipowasha gari ikanong'ona tu. Nilikaa ndani ya gari pale uwanjani nikisubiri nihisi nafuu. Nilidhani nikiirudisha kama ilivyokuwa, na siku ile itarudi. Kumbe nilikuwa nafuta ushahidi.

Tangu barua yako ya Machi nimejiuliza uliona nini. Niambie.

Maundu


Mwala,
13 Julai 2025

Maundu, mwana wa ndugu yangu,

Nimesoma. Nimekaa na barua yako siku tano kabla ya kushika kalamu.

Niliona yote.

Nilikuwa nimetoka kuja kukupokea barabarani, sikuwa nimekuambia. Nilifurahi kuliona gari la bluu likishuka. Nilikuona ukiwa kando ya Mwikali, nikaona moshi, nikaona punda akiruka. Nilikuona umefungua mlango. Mguu wako ulikuwa na kiatu cheupe. Nilisema, "Anashuka. Mungu asifiwe, anashuka." Kisha kiatu kikarudi ndani.

Umeniandikia aibu yako, na mimi nakuandikia yangu, kwa sababu si ndogo kuliko yako.

Chifu aliponiuliza nilisikia nini, niliona mlango umefunguliwa nikaingia. Alikosea swali. Angeandika "Uliona nini?" sijui ningefanya nini, labda ningesema. Lakini aliandika "Ulisikia", na mimi nikajibu kweli tupu iliyokuwa uongo mtupu. Wewe ulijificha nyuma ya uziwi wangu, na mimi nilijificha humo humo. Miaka saba nimewalaumu watu wanaonichukulia kama sina macho wala akili kwa sababu sina masikio. Siku moja ilinifaa nichukuliwe hivyo, nikakubali.

Nilijiambia ni kwa ajili yako. Kisha kwa ajili ya ndugu yangu na mgongo wake. Baadaye nikajiambia nakupa muda useme mwenyewe, ndiyo maana nilikuwa nakuuliza ile simu ilipigwa saa ngapi. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa wasije wakasema mwalimu Kamanthe, aliyewachapa watoto wao kwa kusema uongo, ana mpwa wa namna hii. Niliogopa jina langu. Na kwa ajili ya jina langu nimemwacha Mwikali apoteze lake. Neno langu moja lingemtosha. Watu wangeniamini.

Na Mwikali hajawahi kuniuliza. Hata mara moja.

Uje. Usilete sukari, wala usimtume mtu. Tutakwenda kwake pamoja, kisha kwa chifu, kisha polisi. Nichagulie siku.

Kamanthe


Syokimau,
3 Agosti 2025

Shangazi,

Nimepata barua. Nitakuja, nakuahidi. Ila nilikuwa naomba tungoje kidogo. Kiwandani wanapunguza watu mwezi huu, na wakisikia niko na kesi jina langu litakuwa la kwanza. Na Lavender ameniambia juzi kwamba ana mimba. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyonipa tangu Juni. Labda Oktoba mambo yatakuwa yametulia. Nakuomba tu.

Maundu


Mwala,
9 Agosti 2025

Maundu,

Jumamosi tarehe 16 nitakuwa nyumbani kwa Mwikali kuanzia saa tatu asubuhi. Ufike usifike, nitasema.

Kamanthe


Syokimau,
24 Agosti 2025

Shangazi,

Nilifika salama Jumanne usiku. Gari ilibaki kituo cha polisi pamoja na leseni yangu, kwa hivyo nilirudi na basi. Kesi itatajwa mwezi ujao Machakos. Kiwandani nimewaambia mwenyewe, bado hawajaamua. Lavender alinifungulia mlango, akaniuliza kama nimekula. Sijui hiyo ina maana gani lakini niliila ile ugali yote.

Nakuandikia kwa sababu kuna maneno mengi yalisemwa siku zile mbili ambayo hukuyasikia, na hakukuwa na wa kukuandikia. Ni haki yako kuyajua. Nayaweka hapa kama yalivyotoka.

Jumamosi nilipiga magoti pale kwa Mwikali na kusema ni mimi. Uliona alivyoendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Simama, unazuia mwanga."

Nikasimama. Nikasema pole.

"Pole nimepewa na watu wengi ambao hawakunifanyia kitu. Yako sina pa kuiweka."

"Niambie unataka nini, mama. Nitafanya."

"Wewe si ndiye niliyekuinulia mkono?"

"Ni mimi."

"Sikuota, basi." Hapo ndipo aliposhika ukuta. Wewe ulidhani ni mguu. Haukuwa mguu. "Miezi sita naambiwa nililala. Nimeambiwa mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli nililala. Usiku najiuliza, Mwikali, lile gari uliliona au uliliota? Nenda ukaseme mbele ya hao watu. Taja siku, taja saa, sema sikulala. Mambo ya polisi ni yako na wao."

Wakati huo wote wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulipomwambia, "Mwikali, mimi nilimwona," hakukuangalia. Aliniambia mimi, "Najua aliniona. Nilikuwa chini, lakini macho yangu yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama gari. Nilimngojea aseme. Kila Jumapili nilikwenda nikijua leo atachukua kalamu kutoka mkononi mwangu aandike."

Hakutaka nikuandikie hayo siku ile. Nilimwuliza, akakataa.

Jumanne barazani nilisema yangu, ulikuwa hapo, uliona watu walivyonitazama. Ndiyo, walinitazama wote. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kumbe ni mtoto wa yule wa Mitaboni," na mwingine akatema mate. Chifu akawanyamazisha. Nilitaja siku, nikataja saa, nikasema mama huyu hakulala, aliniinulia mkono.

Kisha ukasimama wewe. Uliniuliza tukiwa tunatembea kurudi kama ulisema kwa sauti ya kutosha, na mimi nikaitikia kwa kichwa tu. Ulipiga kelele, Shangazi. Hujui, lakini ulipiga kelele. "NILIONA! SIKUSIKIA LAKINI NILIONA, NA NIKANYAMAZA!" Wanaume waliokuwa kwa kinyozi walitoka na mashuka shingoni. Mtoto mmoja alianza kulia. Ulirudia mara tatu, ukidhani hawajakupata, na hakuna aliyethubutu kukugusa mkono kukuambia inatosha.

Chifu akamgeukia Kimanzi. Kimanzi akasema, "Punda amekufa hata hivyo." Mwikali alikuwa ameketi mbele. Akasema, bila kuinuka, "Kimanzi, sema." Kimanzi akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. "Sema," akamwambia tena. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Haya. Hukulala." Mwikali akamwambia, "Waambie hao, mimi najua." Na Kimanzi akageuka akawaambia.

Nilitaka iishie hapo. Lakini kuna moja zaidi. Tulipokuwa tunaondoka, ulimfuata Mwikali ukamshika mkono, naye akauondoa polepole na kusema kitu, na wewe ukaniangalia mimi nikuambie. Nilijifanya natafuta kitambulisho mfukoni.

Alisema, "Mwambie Jumapili asiniwekee nafasi."

Maundu


Mwala,
21 Septemba 2025

Maundu,

Nakusalimu wewe na Lavender. Mwambie apumzike na asipande ngazi za shule ovyo. Baba yako aliniandikia, barua ya kwanza tangu mwaka wa tisini na sita. Ameandika matusi ukurasa mzima, kisha mwishoni akaniuliza kama nina dawa ya macho. Nimemjibu.

Asante kwa kuniandikia yote, hata ile ya mwisho. Ile niliihitaji zaidi.

Huku jua ni kali. Mwikali ameacha gongo moja, anatumia la pili tu. Kimanzi alimpelekea mkokoteni na punda mwingine hadi mlangoni, naye Mwikali akakubali, lakini alimfanya Kimanzi aseme tena mbele ya watoto wake kwamba mama yao hakulala.

Kanisani nakaa peke yangu. Naona mchungaji anafungua kinywa na kukifunga. Watu wananiinamia kwa heshima kama zamani, ila hakuna anayekuja kukaa karibu. Katibu alijitolea kuniandikia, nikakataa. Sitaki mkono mwingine.

Kwa Mwikali nimekwenda Alhamisi tatu. Mara ya kwanza nilibisha hodi, na kwa kuwa sisikii kama nimejibiwa, nilisukuma mlango nikaukuta umefungwa kwa ndani. Mara ya pili vivyo hivyo. Juzi sikubisha. Niliketi nje kwenye jiwe la kuoshea nguo, nikitazama chini ya mlango. Mlango wake haufiki sakafuni, una uwazi wa vidole vitatu. Baada ya muda nikaona miguu yake imekuja imesimama pale, na gongo kando yake. Haikuondoka. Na mimi sikuondoka. Sijui kama alisema kitu. Kama alisema, hakuna wa kunieleza, na ni haki yangu nisijue.

Jua lilipogeuka miguu ikarudi ndani, nami nikaja zangu nyumbani.

Alhamisi nitakwenda tena.

Kamanthe